Mama na watoto wamekimbia kipigo: mwongozo kamili kwa majirani, kuanzia usiku wa kwanza hadi chumba chao wenyewe

Habari huwa ni ile ile. Mama katoka usiku na watoto, jirani kafungua mlango, wamelala, wamekula. Siku ya nne au ya kumi wazee wanaitana, mume anasema amekosa, mama anarudishwa. Mwezi haujaisha, kipigo kinakuja kikubwa kuliko cha kwanza, na wale waliomsaidia wanaapa kutoingilia tena ndoa za watu.

Wengi husema anarudi kwa sababu anampenda. Wapo wanaorudi kwa mapenzi. Lakini katika kazi ya usaidizi wa kisheria mtaani, jibu ninalopewa mara nyingi na akina mama wenyewe ni fupi: "Ningelala wapi na watoto?" Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kodi ya chumba na unaishia kwenye kodi ya chumba. Mengine yote, polisi, hospitali, mahakama, yanasimama pale tu mama anapokuwa na mlango wa kuufunga usiku.

Sheria na ofisi ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, ikiwemo Mahakama ya Kadhi. Aliyeko Kenya apige 1195 kwa msaada wa ukatili wa kijinsia. Nitasema "mama" kwa kuwa ndiye anayekimbia mara nyingi zaidi. Akiwa ni baba aliyekimbia na watoto, hatua ni hizi hizi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya tukio

- Watu watano hadi saba wanaojua kunyamaza.
- Nyumba mbili za kulala, moja mtaani na nyingine mbali kidogo, ikiwezekana kata nyingine.
- Fedha ya kodi. Nimeieleza katika hatua ya 1, na ndiyo inayosahaulika kuliko vyote.
- Dereva mmoja wa bajaji au bodaboda mnayemwamini, anayepokea simu saa nane usiku.
- Begi: kanga mbili, nguo za watoto za saizi tofauti, pedi, sabuni, neti, godoro dogo au mkeka, na simu ya kitochi yenye laini isiyojulikana na mume.
- Daftari moja, linalokaa kwa mtu mmoja.
- Namba za simu: polisi 112, 116 kwa masuala ya watoto, ambayo ni bure na hupokelewa saa 24, kituo cha polisi cha karibu chenye Dawati la Jinsia na Watoto, Afisa Ustawi wa Jamii, msaidizi wa kisheria wa kata, na hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana sehemu moja. Dar es Salaam, hospitali ya Amana inacho kimoja.

## Hatua ya 1: Undeni kundi na mfuko mapema

Kundi likiundwa usiku wa tukio, linaundwa na waliosikia kelele, na waliosikia kelele si lazima wawe watu wa siri. Chagueni sasa. Mtafute mama mmoja wa kikoba, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanaume wawili wanaoheshimika. Wanaume hao wana kazi yao: mume akija kugonga mlango kwa fujo, wao ndio watakaosimama nje kumtuliza.

Muulizeni mtendaji wa mtaa kama ipo Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Mpango wa taifa unaoitwa MTAKUWWA ulitaka kamati hizo ziwepo hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Pengine ipo kwenye makaratasi na haijakutana. Ingieni humo muiamshe, maana barua yenye jina la kamati husomwa haraka kuliko ya majirani watano.

Sasa fedha. Chukulieni chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 300,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja: 50,000. Ongezeni kufuli, ndoo, sufuria na nauli, mnakaribia 400,000. Hakuna jirani anayetoa hiyo peke yake usiku wa manane. Lakini watu 20 wakitoa 5,000 kila mwezi, mwezi wa nne ipo yote.

Njia rahisi zaidi ni kikoba kilichopo tayari. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa. Pelekeni hoja kwenye kikao kwamba katiba iongezwe sababu moja: mwanachama au jirani aliyelazimika kuhama nyumba kwa ajili ya usalama. Andikeni kiwango cha juu, nani anaidhinisha (watu watatu wanatosha), na kwamba jina la anayesaidiwa halitasomwa mbele ya kikao. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachowafanya wahusika wathubutu kuomba.

Mmefaulu ikiwa mnaweza kujibu bila kupiga simu: leo usiku akija mtu analala wapi, na mfukoni kuna shilingi ngapi.

## Hatua ya 2: Usiku wenyewe

Mkisikia kipigo kinaendelea, pigeni 112, kisha mkusanyike. Asiingie mtu mmoja peke yake katikati ya wanaopigana, hasa kama kuna panga, kisu au chupa. Watu sita waliosimama mlangoni wakiita kwa jina, "Baba Fulani, fungua, sisi majirani," mara nyingi wanatosha kukata kipigo, kwa sababu mpigaji hapendi kutazamwa.

Mama akitoka, atoke na watoto wote. Mtoto akibaki huwa ndiyo kamba ya kumvutia arudi kesho asubuhi.

Asilale kwa ndugu wa kwanza ambaye mume atamfikiria. Asilale pia kwa mwanaume anayeishi peke yake, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani: kesho itasemwa "amehamia kwa bwana", na maneno hayo yatamfuata hadi mahakamani.

Usiku huo maneno ni machache. Mwambieni: "Hapa uko salama, lala." Swali la "ulimfanya nini mpaka akakupiga?" lisiulizwe usiku huo wala siku nyingine. Akilisikia, ataanza kujitetea badala ya kueleza kilichotokea, na mtapoteza habari mtakazozihitaji polisi.

Mmefaulu ikiwa mlango umefungwa kwa ndani, watoto wamekula, na wanaojua walipo ni watu wasiozidi watatu.

## Hatua ya 3: Hospitali na polisi ndani ya saa 72

Kama anatoka damu, amezimia, ni mjamzito, au amepigwa kichwani au kukabwa koo, nendeni hospitali moja kwa moja. Kukabwa koo kusidharauliwe hata kama hakuna alama: uvimbe wa ndani unaweza kuja baadaye, na anayekaba leo ni mtu hatari sana kesho. Uhai ukiwa hatarini matibabu huanza, karatasi zifuate.

Kama hali inaruhusu, anzieni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, mchukue fomu ya PF3. Fomu hiyo haiuzwi. Daktari ataijaza, nayo itarudi polisi kuwa ushahidi. Pigeni picha kila ukurasa kabla haijatoka mikononi mwenu, kwa sababu PF3 iliyopotea ni kesi iliyopotea.

Ikiwa kuna kuingiliwa kwa nguvu, yeye au mtoto, mambo matatu yashikwe:

1. Asioge wala kufua. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki. Kwenye mfuko wa nailoni unyevu huziharibu.
2. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na hutumika siku 28. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.
3. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120, ila mapema ni bora zaidi.

Huduma hizi za afya anastahili hata kama aliyemtenda ni mume wake wa ndoa.

Polisi wakisema "haya ni ya kifamilia, nendeni mkayamalize nyumbani", msigombane nao. Ombeni kwa upole namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu kituoni. Ikikataliwa, ombeni kumwona mkuu wa kituo. Kipigo ni jinai: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, inakiita shambulio la kudhuru mwili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Namba za vifungu ziandikeni kwenye daftari. Zikitajwa kwa sauti ya utulivu, mazungumzo hubadilika.

Aende na mtu mmoja tu wa kundi. Mkienda kumi mnaonekana mmekuja kushtaki mtaa mzima, na mama hapati nafasi ya kusema yake.

Mmefaulu ikiwa mna namba ya RB, picha za PF3, na picha za majeraha zilizopigwa siku ya kwanza na tena siku ya tatu, michubuko inapokuwa imeiva.

## Hatua ya 4: Simu ifungwe kabla ya mdomo

Watu huficha nyumba vizuri kisha simu inawataja.

Kwanza, laini imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mume, anaweza kwenda kwa wakala kuirudisha kwake na kuchukua salio lote la fedha. Mama apige \*106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Laini yake isipoonekana hapo, hamisheni fedha leo hii na asajili nyingine.

Pili, abadili namba ya siri ya fedha ya simu, afungue WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa vyote asivyovitambua, kisha azime huduma ya mahali simu ilipo. Picha ya wasifu isiwe ya sebule aliyojificha.

Tatu, watoto. Mtoto wa miaka tisa akipewa simu kuongea na baba, atataja duka la jirani bila kujua. Mazungumzo na baba yawepo kama ni salama, ila mtu mzima awe pembeni.

## Hatua ya 5: Nyaraka, vitu na shule

Kurudi nyumbani kuchukua vitu ndiko kunakoumiza watu mara ya pili. Nendeni mchana, mume asipokuwepo, mkiwa na polisi au mjumbe, na orodha mkononi. Dakika ishirini zitoshe.

Orodha: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na bima, cheti cha ndoa, dawa, sare na madaftari ya shule, na nakala za hati au mkataba wa mauziano wa kiwanja. Hivyo kwanza, nguo baadaye.

Televisheni, jokofu na kochi viacheni. Mkivibeba, kesho mnashtakiwa kwa wizi. Pigeni picha kila chumba, kila kifaa, na nyumba kwa nje. Picha hizo zitafaa siku ya mgawanyo wa mali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Mama anayesema "mimi sina changu pale" aelezwe hilo mapema.

Kuna hatari nyingine isiyosubiri: mume kuuza nyumba. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinamkataza kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini viwanja vingi visivyopimwa huuzwa kwa mkataba unaoshuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Basi mama aandike barua kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba hajaridhia mauzo yoyote, ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yake, na nakala ikae kwenye daftari lenu. Kama kiwanja kina hati, msaidizi wa kisheria amwongoze kuweka zuio kwa msajili wa hati.

Shule: zungumzeni na mwalimu mkuu wa shule ya zamani ana kwa ana. Uhamisho hupitia PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo namba ya PREM ya kila mtoto iandikwe. Mwombeni shule mpya isitajwe kwa anayeuliza, na mwalimu mkuu mpya aambiwe nani tu anaruhusiwa kuwachukua watoto langoni. Mtoto akae nyumbani muda mfupi iwezekanavyo. Darasani ndiko mahali pa kwanza anapopata siku ya kawaida.

Mmefaulu ikiwa watoto wako darasani na nyaraka zote zina picha kwenye simu mbili tofauti.

## Hatua ya 6: Chumba

Kukaa kwa mwenyeji kuna kikomo. Wiki ya kwanza ni huruma, wiki ya tatu ni choo na unga. Mwenyeji hataki kusema, mgeni ameshaona, na siku mume anapotuma ujumbe wa kuomba msamaha, ujumbe huo unamkuta mama anayejiona mzigo. Kwa hiyo anzeni kutafuta chumba siku ya tatu, kabla mtu yeyote hajachoka.

Chagueni mtaa kwa mambo manne: mbali na njia za mume za kila siku, karibu na shule, wapangaji wengine wapo, na mlango una komeo la ndani. Uani kwenye wapangaji wengi panafaa kuliko nyumba iliyojitenga, hata kama ile ya kujitenga ni nzuri zaidi. Akigonga mtu usiku, wanasikia.

Mwenye nyumba muombeni miezi mitatu badala ya sita. Wengi hukataa kwa kuogopa mpangaji asiye na kazi, kwa hiyo mwende na barua ya kundi au kikoba inayosema kodi ya miezi mitatu inayofuata nani atahakikisha. Habari za kipigo si lazima aambiwe zote. Aambiwe tu kwamba mama anaishi na watoto na kuna mtu asiyetakiwa kuelekezwa hapo.

Mkataba uwe wa maandishi na uwe kwa jina la mama. Hili msilegeze. Mkataba ukiwa kwa jina la kaka yake au la mwenyekiti wa kundi, chumba kinakuwa cha huyo mtu, na siku wakikosana mama yuko barabarani tena. Fedha ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba na risiti ibaki kwa mama.

Ikiwa mume anatafuta kwa silaha au ametoa tishio la kuua, chumba cha mtaani hakitoshi. Mpigieni Afisa Ustawi wa Jamii aulize nafasi kwenye nyumba salama. Nyumba hizo ni chache na nyingi ziko mbali, kwa mfano Mugumu wilayani Serengeti ipo inayopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msisubiri nafasi huku mmekaa. Ndugu wa mkoa mwingine na tiketi ya basi vinaweza kuokoa maisha usiku huo huo.

Mmefaulu ikiwa mama ana ufunguo wake, risiti yake, na anajua tarehe kodi inapoisha.

## Hatua ya 7: Kikao cha wazee

Kitaitishwa. Watakuja wazazi, mashemeji, shehe au mchungaji, na kila mmoja ana nia njema ya kuijenga ndoa. Msiwavunjie heshima. Ombeni mambo mawili tu, na myaombe mapema kupitia mzee mmoja anayewaelewa.

La kwanza ni tarehe. Kikao kisikae kabla mama hajawa na chumba. Mtu asiye na pa kulala hakubali masharti, anakubali kitanda. Waambieni wazee hivyo hivyo: "Mzee, tunaomba azungumze akiwa na kwake, ili neno lake liwe neno."

La pili ni kwamba kikao hakifuti kesi. Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Baraza la Usuluhishi wa Ndoa linahitajika kwa kawaida kabla ya mtu kufungua shauri la talaka. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka hivyo, ingawa kina hali zinazosamehewa. Hakuna sheria inayotaka usuluhishi kabla ya kuripoti kipigo polisi. Anayesema "mngeanza kwa wazee" anazungumza desturi.

Ndani ya kikao mama asikae peke yake. Awe na mtu wa kundi pembeni, na akisema anataka kutoka, mtoke naye.

Akitaka kwenda mahakamani, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza mashauri ya ndoa. Kuhusu watoto, sheria inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Matunzo ya watoto huweza kuanzia ofisi ya Ustawi wa Jamii, na baba hakwepi wajibu huo kwa kuwa mama ameondoka. Shauri likiwa mahakamani, mama anaweza pia kuomba amri ya kumzuia mume asimsumbue. Hana fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama WLAC na TAWLA yamekuwa yakiwasaidia wanawake bila malipo.

## Hatua ya 8: Kula ya kesho

Kwa ufupi, maana hili vikoba mnalijua kuliko mimi. Msimpe mtaji wiki ya kwanza, ataula. Mwezi wa kwanza mpeni chakula, wa pili kazi ndogo ya uhakika, wa tatu mtaji mdogo na jirani wa kumlinda mtoto. Aingie kikundi kilichosajiliwa halmashauri, kwa sababu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi, na kati ya hizo asilimia 4 ni za wanawake. Na kodi inayofuata aanze kuiweka kidogo kidogo kwenye kikoba, si nyumbani.

## Hatua ya 9: Akirudi kwa mume

Huenda akarudi. Msimseme na msimtoe kwenye kundi la simu kwa hasira, kwa sababu aibu hiyo ndiyo itakayomzuia kubisha hodi mara ya pili.

Kabla hajaenda, fanyeni haya pamoja naye. Nakala za nyaraka zibaki kwenu. Begi lake libaki kwenu, likiwa na nguo za watoto. Mkubaliane ishara moja ya kawaida, kwa mfano kumtuma mtoto kuomba kiberiti, au ujumbe wa simu wenye neno mlilochagua, ambayo maana yake ni "piga 112 na mje". Mtoto mkubwa afundishwe nyumba ya kukimbilia na namba 116 kichwani.

Kama chumba kina kodi iliyobaki, msikirudishe haraka kwa mwenye nyumba. Ufunguo mmoja ubaki kwa mama, mwingine kwa mtunza daftari, hadi mwezi wa mwisho uliolipiwa uishe. Kisha mfuko uanze kujazwa upya, 5,000 kwa kila mtu, kuanzia kikao kinachofuata.